Kikombe cha Mawese Kila Asubuhi

Kwetu Kasongo watu walikuwa wanasema, nami niliamini kuliko nilivyoiamini diploma yangu mwenyewe, kwamba mtu akinywa mafuta ya mawese asubuhi kabla hajala kitu, siku hiyo sumu haimpati. Inaingia mdomoni, inashuka tumboni, inakuta njia inateleza, inapita zake. Walikuwa na mfano pia. Huko Nyangwe, walisema, kulikuwa na fundi wa mashine za mitumbwi aliyekunywa mawese chupa nzima, halafu kwa kubishana na wenzake akameza kikombe cha asidi ya betri. Akacheua, akajifuta mdomo, akauliza kama bugali imeiva. Nimemuulizia fundi huyo kwa kila mtu aliyefika Nyangwe. Wote wanamfahamu. Hakuna aliyemwona.

Ninaanza na yeye kwa sababu kumwiga kulinifikisha kwenye kitanda cha ugonjwa. Haya ninamwandikia mtu ambaye sasa hivi amekaa kwenye benchi la hospitali, tumbo linamsokota, mkono haumtii, na nyumbani kwake wanaanza kutazamana vibaya. Nilikaa kwenye benchi hilo hadi nikajua misumari yake yote, ule unaotoboa suruali na ule unaochubua tu.

Mimi nilisoma shule ya jioni. Nilipoiacha shule nilikuwa kijana. Nilipoirudia nilikuwa na mke, mtoto na upara. Tulikalia viti vya watoto, magoti yakitugusa masikio. Jioni moja mwalimu wa kemia alitia kipande cha zinki, kilichotoka kwenye betri ya redio, ndani ya asidi kidogo. Kikachemka bila moto. Wenzangu wakasema sawa, wakaendelea kusinzia. Mimi wiki nzima sikusikia njaa. Nilipopata diploma majirani wakaanza kuniita Prof, nusu kwa heshima, nusu kwa kunichokoza, nami nikapokea nusu zote mbili.

Nyuma ya jiko letu nikajenga kibanda cha mabati nilichokiita laboratwari, maabara yangu. Mke wangu, Mama Sifa, alikiita tu "kile kibanda". Humo nilichemsha maua, nilitengeneza sabuni ambayo iliwahi kutoboa shati, na mwisho nikafika kwenye kazi niliyoona imeumbwa kwa ajili yangu: betri. Siku hizi Kasongo kila paa lina kipande cha sola, na chini ya kila sola kuna betri inayokufa. Wakaniletea. Nilizifungua, nikamwaga asidi, nikatoa sahani za ndani, nikayeyusha risasi yake, ile metali laini ya kijivu, kwenye sufuria kuukuu juu ya makala, yaani makaa. Iliyo safi niliifinyanga kuwa vichwa vipya vya betri. Iliyobaki niliwatengenezea wavuvi wa Nyangwe vizito vya kuzamisha nyavu. Ukiniuliza leo, nitakuambia nyavu zangu zilizama haraka kuliko nyavu zote za mto Lualaba, na hapo nitakuwa nimeongeza kidogo tu.

Nilijua moshi ule si mzuri. Mtu wa sayansi lazima ajikinge. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha makala, nilikunywa kikombe cha mawese.

Na mafuta hayo sikuyaweka kwenye bidoni la plastiki kama watu wengine. Nilikuwa na sanduku la betri ya lori, jeusi, nene, la zamani. Nilikuwa nimelitoa matumbo, nikalisugua kwa mchanga na maji ya mvua, likang'aa. Lilikuwa na ufa chini, nikaugongea kipande bapa cha risasi kutoka ndani. Nikalitengenezea na kifuniko, nacho cha risasi, kwa sababu ni kizito na panya hawakiwezi. Hakuna chombo Kasongo kizima kilichotunza mafuta namna ile. Halikuvuja, halikuanguka.

Mama Sifa aliyaonja mara moja, akatema.

"Prof, hii mafuta yako iko na ladha ya musumari."

"Ni nguvu ya mafuta hiyo," nikamwambia.

"Basi kula nguvu yako. Chakula yako nitakupikia nayo, maana weye ndiye unataka. Ya mutoto na yangu, hapana."

Kuanzia siku hiyo jikoni kwetu kukawa na sufuria mbili: yangu kwa mafuta ya sandukuni, yao kwa mafuta ya chupa aliyonunua sokoni. Naomba msomaji azikumbuke sufuria hizo, maana zilikuja kusimama shahidi.

Ugonjwa ulianza mwanzoni mwa kiangazi, majani yalipokauka na vumbi la barabara ya Kabambare likaanza kuingia hata kwenye chumvi. Tumbo lilijifunga kama ofisi siku ya sikukuu. Kisha likaanza kunisokota, si kuuma kwa kawaida, bali kama mtu anayekamua nguo ya kufua, na nguo ni utumbo wangu. Mdomoni nilisikia ladha ya sarafu ya zamani. Uso ukapauka. Sifa, mtoto wetu, aliniambia nimekuwa na rangi ya jivu, na jirani akasema hapana, ya jivu la jana.

Kwenye kituo cha afya walisema malaria. Nikafungwa seromu, nikalala nikitazama matone, nikatoka nikiwa vilevile. Wakasema tifoide. Nikameza vidonge vikubwa kama vifungo vya koti. Wakasema minyoo. Minyoo kama ilikuwepo ilikufa, mimi nikabaki na tumbo langu. Kila aliyenipima aliniuliza ninakula nini na ninalala wapi. Wakiuliza kazi, nilisema mimi ni mtu wa masomo, wakaandika "mwalimu" na kupita.

Mimi kwa akili yangu nilijua la kufanya. Kama kuna kitu kibaya tumboni, kiteleze. Nikaongeza kikombe cha jioni.

Katikati ya kiangazi Mama Sifa akanipandisha pikipiki, nikakaa katikati ya dereva na yeye kama kuku wa zawadi, akanipeleka kwa mama yake, kijijini Wamaza, nikapumzike. Sanduku la mafuta halikupakika, lilikuwa zito mno. Moto wa kuyeyushia risasi haukuwako huko. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa maneno machache. Alinitazama nikiteremka, akasema, "Huyu mutu mulimupikia nini huko mjini?" Kisha akanipa maharagwe, mayai, samaki wadogo, sombe ya majani ya muhogo, tena maharagwe. Baada ya muda tumbo likafunguka. Nikacheka. Nikala sahani yangu na nusu ya sahani ya shemeji. Wote tukasema ni hewa ya Wamaza, nami nikatoa mhadhara mzima juu ya hewa hiyo.

Mvua za kwanza zikanikuta nimerudi Kasongo. Wateja walikuwa wamejaza betri mlangoni, na mawese yangu yalikuwa yakinisubiri. Kabla mahindi hayajapita goti, nilikuwa chini tena. Safari hii kikaja kitu kipya.

Asubuhi moja nilinyoosha mkono wa kulia nimsalimie jirani. Mkono ukaenda, lakini kiganja kikabaki kimening'inia, kimetazama chini, kama jani la mgomba lililovunjika. Nikakiambia panda. Hakikupanda. Sikusikia maumivu, kilikuwa kimesahau tu kwamba mimi ndiye mwenyewe. Jirani alidhani ninamdharau, akaondoka amenuna. Tangu siku hiyo sikuweza kufunga kifungo, kushika kijiko vizuri, wala kuandika jina langu, mimi niliyekuwa naliandika hata pasipohitajika. Tulipokwenda kanisani Sifa alikuwa ananiinulia kiganja kwa mkono wake mdogo watu wanisalimie, akikiachia wakishapita.

Hapo ndipo dada yangu alipoingia. Yaya Amisa ni mkubwa wangu, alinibeba mgongoni, na hajawahi kuamini kwamba nilishuka. Alikuja kukaa siku chache kunitazama. Siku ya kwanza tu akaona jikoni sufuria mbili.

"Hii iko ya nani?"

"Ya baba," Sifa akamjibu.

"Na hii?"

"Yetu na mama."

Yaya Amisa alingoja mpaka tukabaki wawili. Akakaa mbele yangu, mikono mapajani.

"Mudogo wangu, weye uliona wapi bibi anapika chakula ya bwana yake kandokando, na yeye haigusi?"

"Yaya, ni mambo ya mafuta."

"Mafuta gani? Ukienda kwa mama yake unapona. Ukirudi hapa unalala. Hauoni? Kule wanakutolea sumu, huku wanakurudishia, ili uhamie kwao."

Ningecheka, lakini tumbo halikuniruhusu. Na ninasema kweli: hesabu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi sikuwa na hesabu yoyote. Wamaza nilikuwa nimepona, hilo lilikuwa kweli. Sufuria zilikuwa mbili, kweli. Nilimpenda mke wangu kwa moyo wote, na moyo huohuo ukaanza kunusa chakula chake kabla ya kula. Mtu akiugua muda mrefu bila jina la ugonjwa, anachukua jina lolote analopewa.

Yaya akanipeleka kwa mganga mmoja wa kienyeji, njia ya Kabambare. Mganga akanichanja kiwikoni, akafyonza kwa pembe, akatema mfupa wa kuku. Nilishangaa sana, maana kuku sikuwa nimemla tangu harusi ya binamu yangu. Akasema aliyeuweka mfupa huo ni mtu anayenipikia.

Tuliporudi, Yaya aliyasema hayo uani, mbele ya wajomba na jirani aliyekuja kuazima chungio. Mama Sifa alikuwa anachambua sombe. Aliendelea mpaka akamaliza fungu alilolishika. Kisha akaniangalia mimi, si Yaya.

"Baba Sifa, na weye unasema hivyo?"

Nimesoma kemia, fizikia, na Kifaransa cha kutosha kuandika barua kwa gavana. Nilitazama kiganja changu kinavyoning'inia, kama kwamba chenyewe ndicho kilichoulizwa.

"Sawa," akasema.

Akafunga nguo zake na za Sifa ndani ya kitenge, akaenda kwao. Mtoto aliniaga kwa kuniinulia kiganja na kukishusha polepole, kama anayerudisha kitu dukani.

Basi nikabaki na dada. Yaya akachukua jiko lote mkononi. Akazifanya sufuria kuwa moja, "kama watu wenye akili", na kwa kuwa mafuta ya chupa yalikuwa ya wifi yake, akayamwaga, tukala wote ya sandukuni. Mvua zikaendelea. Nikangoja kupona, kwa sababu mchawi alikuwa ameondoka. Mkono wa kushoto nao ukaanza kulegea. Kiuno kikaniuma. Nikakonda hadi mkanda ukanizunguka mara mbili na kubaki na mkia.

Kisha, mahindi yalipoanza kukauka shambani, Yaya Amisa akashika tumbo.

"Mudogo wangu," akaniambia, uso umekunjamana, "mudomo yangu iko kama nimelamba musumari."

"Hata weye, Yaya?"

Akafikiri. "Anatutumia kwa upepo," akasema, lakini sauti yake haikuwa ile ya uani. Kutoka Wamaza hadi kwetu upepo una safari ndefu, na mawe mengi njiani. Nadhani ndipo alipoanza kusikia aibu, ingawa ilichukua muda kufika mdomoni.

Tukaenda hospitali wote wawili, mimi nimeegemea yeye, yeye ameegemea mimi, tukitembea kama herufi moja iliyoandikwa vibaya. Benchi lilikuwa limejaa. Walioketi walisogea, kila mmoja kidole kimoja, mpaka ikapatikana nafasi. Mama mmoja nisiyemjua aliona ninashindwa kumenya karanga zangu. Akazichukua, akazimenya moja moja, akinitilia mdomoni huku akiendelea kugombana na mwanaye juu ya jambo jingine kabisa. Sikuwahi kujua jina lake. Katika mwaka ule mzima, hakuna dawa iliyonifanyia vizuri kama karanga zile.

Munganga, yaani daktari wa hospitali, alikuwa mwanamke kijana aliyetoka pande za Lubumbashi. Lafudhi ya huko ilisikika tangu neno la kwanza.

"Unafanyaka kazi gani?"

"Mimi ni mutu wa masomo," nikasema.

"Masomo haileteshi mukono namna hii. Kwa mikono yako, unafanyaka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafurahi hadi nikasahau tumbo. Nikamweleza laboratwari yangu, betri, sahani, sufuria, vizito vya Nyangwe, kinga yangu ya mawese, sanduku langu na kifuniko chake. Nilimchorea hewani kwa kiganja kilicholegea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniinua mdomo wa juu, akatazama ufizi wangu kwenye mwanga wa dirisha, akamwita mwenzake aje atazame. Palikuwa na mstari mweusi wa kibuluu pale meno yanapoingia. Nilikuwa nimeuona kwenye kioo, nikadhani ni uchafu wa tumbaku, ingawa sivuti.

Akasema kwao, penye viwanda vya madini, aliiona hali hiyo kwa mafundi. Ni risasi. Akachukua damu ya kupeleka mbali kuthibitishwa, akatuambia dawa ya kuitoa mwilini haiko hapa, na kwamba kazi yetu ni kuacha: kuacha moto ule, kuacha sanduku lile, kula chakula kizuri, kungoja. Akanifungia na ubao mwepesi chini ya kiganja changu kisining'inie. Mimi niliitika kila neno. Yaya alikuwa anasikiliza, na sijamwona akisikiliza hivyo tangu mazishi ya baba.

Kungoja kwenyewe ndiko ninakotaka kumweleza anayeugua. Hakuna siku niliyoamka nikasema leo nimepona. Tumbo lilitangulia. Kiangazi kingine kilipoanza, kidole cha kati kiliinuka kidogo, kikaanguka, nikamwita kila mtu aje akione, kikakataa kuinuka mbele ya wageni. Majibu ya damu, yaliyothibitisha risasi, yalifika wakati tayari nashika kijiko. Leo ninaandika haya kwa mkono wa kulia. Herufi zinalala upande mmoja kama zimechoka, lakini ni zangu. Laboratwari sasa ni banda la mbuzi, na mbuzi hawajaonyesha hamu ya sayansi. Udongo wa pale tuliuchimba, tukauzika mbali na kisima.

Lakini kabla ya kidole chochote kuinuka, kulikuwa na safari ya Wamaza. Yaya Amisa ndiye aliyesema twende, na akakataa kubaki. Tukapanda pikipiki, watatu pamoja na dereva, tope hadi magotini, mara mbili tukashuka kuisukuma.

Mama mkwe alitupokea uani. Mama Sifa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, hakutoka. Sifa alitaka kunikimbilia, akashikwa bega. Tukapewa viti. Mama mkwe akauliza kilichotuleta, nami nikasimama, kwa sababu jambo kama hilo linahitaji kusimama, nikaanza kueleza.

Nilieleza vizuri. Nilianza na kile kipande cha zinki cha shule ya jioni. Nikapita kwenye sahani za betri, jinsi risasi inavyokaa na asidi, moshi unavyopanda, mwili unavyoupokea. Nikasema mawese yalipigana sana, kwa muda mrefu, ila risasi ilikuwa nyingi na mafuta yakazidiwa nguvu, na kwamba labda ningekunywa vikombe vitatu badala ya viwili, tusingefika hapa. Shemeji alikuwa ameanza kuchora chini kwa kijiti. Mama mkwe alinitazama kama anavyotazama mvua isiyojua itanyesha au itapita.

"Sikusikia," akasema. "Binti yangu alikuwekea sumu, ao hakukuwekea?"

Nikafungua mdomo niendelee na asidi. Yaya Amisa akanishika ubao wa mkono, akaniketisha. Akavua kitambaa cha kichwani, akakishika mikononi, akamgeukia mama mkwe, lakini macho yake yalikwenda hadi mlango wa jiko.

"Mama, huyu mudogo wangu hata sasa hajasikia, na munganga alisema mbele yetu wote wawili. Hakuna mutu aliyemuwekea kitu. Mafuta haitelezeshi sumu. Mafuta ndiyo ilikuwa inatoa risasi katika ile sanduku, na yeye alikuwa anaikunywa, asubuhi na jioni. Binti yako aliionja mara moja akatema. Miye niliyemusingizia, niliipika, nikaila, nikaugua."